KITI NI CHAKO, RAFU NI YETU SOTE



Liko neno moja ambalo likisemwa ndani ya gari hunitia hasira kuliko nauli ikipandishwa. Neno lenyewe ni hili: "Nimelipa nauli yangu, niache." Husemwa na mtu aliyeingia wa kwanza katika basi la Kitale kwenda Bungoma, akaijaza rafu ya juu kwa mizigo yake mitatu, akalaza gunia la nne katika njia ya kupita watu, kisha akaketi akatulia. Gari likifika Kiminini hupanda mama mwenye mtoto na kikapu. Mama hana pa kuweka. Humpakata mtoto, na kikapu akakibana kati ya magoti, hivyo hivyo Kamukuywa, hivyo hivyo Misikhu, mpaka Webuye. Akithubutu kuomba nafasi, yule bwana hutoa neno lake, na abiria wengine hutazama nje dirishani kana kwamba hawakusikia.

Nataka kulijibu neno hilo katika karatasi yetu hii, kwa sababu wenye kulisema si matajiri. Matajiri wana motokaa zao. Wasemao ni sisi: mtu wa kiwandani, mwalimu, karani, mwenzetu wa reli aliye katika likizo. Jumamosi katika mkutano wa chama tunapaza sauti kwamba umoja ni nguvu, na Jumatatu tunamnyima mama wa Kiminini shubiri mbili za rafu. Umoja gani huo unaoishia mlangoni pa basi?

Tikiti ni mapatano. Mwenye gari amekuuzia kiti kimoja na haki ya kufika uendako. Hakukuuzia rafu. Rafu haina namba yako, wala karani hakukuandikia stakabadhi yake. Imewekwa pale kwa ajili ya wote waketio chini yake, kama kisima cha mtaa. Kila mtu ana haki ya kuchota kisimani, wala hapana mtu mwenye haki ya kukikausha kwa sababu ameamka mapema. Kuwahi kunakupa kuchagua mahali pa kuweka mzigo wako mmoja. Hakukupi haki ya mizigo minne.

Tena tazameni ni nani anayelipa gharama ya ubinafsi huu. Rafu ikijaa, mizigo hushuka njiani kwenye miguu ya watu. Njia ikiziba, kondakta hupiga kelele, naye tanboi hupanda juu ya keria gari likiwa limekwisha anza kutembea, akiinua gunia ambalo lingalipakiwa kwa utaratibu kabla ya safari kuanza. Gunia la mahindi la huku kwetu ni kilo 90. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani, lililo na makao yake Geneva, lilitoa pendekezo kwamba mtu mzima mwanamume asichukuzwe kwa mikono mzigo uzidio kilo 55. Toeni 55 katika 90, mtaona kilo 35 zimebaki. Kilo 35 hizo zinakaa juu ya mgongo wa kijana wa stendi ya Kitale, ambaye akiumia hapana anayejua jina lake. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba habari ya rafu ni jambo dogo la adabu. Ni habari ya migongo ya wafanyakazi.

Ubaya huu haukukoma barabarani. Umepanda mpaka angani. Najua wako watakaocheka na kuuliza, mtu wa reli anajua nini habari za ndege? Nawajibu kwamba mzigo ni mzigo, uwe ndani ya behewa, uwe juu ya basi, uwe ndani ya ndege. Tena siku hizi dada zetu na watoto wetu wa Trans Nzoia na Bungoma wanapanda ndege, wengine kutoka Eldoret kwenda Nairobi, na wengi kutoka Nairobi kwenda Saudia, Qatar na Dubai kutafuta kazi. Yanayowapata huko juu yanatuhusu sisi huku chini.

Ndani ya ndege rafu iko juu ya vichwa, nayo ina mlango wa kufunga. Watu wakiingia hugombania rafu hiyo kama sukari wakati wa uhaba. Mtu wa kiti cha nyuma huweka sanduku lake katika rafu ya mbele ili alichukue upesi akishuka. Mwingine huweka sanduku, na mfuko, na koti, na kofia, kila kitu kimelala kama mgonjwa. Anayeingia mwisho huambiwa hakuna nafasi, naye amelipa nauli ile ile. Hapo ndipo hugeuka kumtukana mhudumu, msichana wa watu ambaye hakuitengeneza ndege ile wala hakuuza tikiti zile.

Sababu ya kwanza ya uhaba ni hesabu tu. Ndege nyingi zina viti vingi kuliko masanduku yanayoweza kuingia juu. Ndege za namna ya Dash 8 zinazotumiwa na shirika la Jambojet, lililoanza mwaka 2014, zina viti 78, na rafu zake ni nyembamba hata sanduku la magurudumu la kawaida huenda lisiingie. Mwaka 2015 kampuni ya Boeing ilileta rafu ya namna mpya, ambamo sanduku husimama kwa ubavu badala ya kulala, na mahali palipoingia masanduku 4 pakaingia 6. Lakini rafu hiyo haifai kitu kama mtu wa kwanza amelaza lake. Fundi anaweza kuongeza nafasi, na mtu mmoja asiyejali akaimeza yote kwa dakika moja.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi, nayo ndiyo inayotakiwa kusomwa na kila mwanachama. Watu hawakuanza tu kwa hiari yao kubeba nyumba nzima ndani ya ndege. Walisukumwa. Mwaka 2008, mafuta yalipopanda bei, shirika la American Airlines lilianza kutoza dola 15 kwa sanduku la kwanza linalowekwa katika tumbo la ndege, jambo ambalo zamani lilikuwa ndani ya nauli. Mashirika mengine makubwa mengi ya Marekani yakafuata. Abiria naye si mjinga: kama chini ni kwa fedha na juu ni bure, atapanda na sanduku lake. Rafu zikajaa. Mwaka 2010 shirika la Spirit la huko huko Marekani likageuka na kuanza kutoza hata sanduku la juu. Mwaka 2023 mashirika ya ndege ya Marekani yalikusanya zaidi ya dola bilioni 7 kwa ada za mizigo peke yake.

Basi tuseme wazi. Abiria anagombana na abiria, mhudumu anatukanwa na wote wawili, na kampuni inahesabu fedha. Tunaijua michezo hii. Ni ile ile ya mwajiri anayepunguza vibarua katika bohari, halafu waliobaki wakagombana wenyewe kwa wenyewe juu ya nani mvivu. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, lakini hapa nyasi zinapigana zenyewe, na mwenye shamba anauza tikiti za kutazama.

Wala si kweli kwamba hapana la kufanya. Mwezi wa Septemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba mzigo wa mkononi ni kitu asichoweza kukosa msafiri, na ukiwa wa kipimo na uzito wa kiasi usitozwe fedha zaidi. Mwezi wa Novemba 2024 serikali ya Hispania iliyapiga faini mashirika matano, Ryanair likiwamo, faini ya jumla ya Yuro milioni 179, kwa sababu ya ada hizo na mambo mengine ya namna hiyo. Mashirika yakapinga, kama ilivyo kawaida ya mwenye kula asiyetaka kuonyeshwa sahani yake. Lakini jambo limetoka hadharani, kwa kuwa watu waliacha kugombana kwenye rafu wakaenda kuuliza ofisini.

Sisi wa reli tunajua jambo hili kwa njia yetu. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, nayo ililetwa kwa ajili ya mahindi ya masetla. Mwafrika aliwekwa katika daraja la tatu. Hata hivyo treni ilikuwa na behewa la gadi. Mzigo mkubwa ulipimwa, ukaandikwa, mwenyewe akapewa karatasi, akapanda mikono mitupu. Panapo behewa la mizigo na karani mwaminifu, watu hawagombanii rafu. Treni za abiria zilipokatika kwa miaka mingi katika upande wetu huu, watu walihamia mabasi na matatu, na desturi ya karatasi ikafa. Leo unampa kijana mzigo wako auweke katika buti, hupewi kitu cha kushika mkononi, ukifika Bungoma hukuti mzigo wala kijana. Je, mtu kama huyo safari ya pili atakubali kuuacha mzigo wake mbali na macho yake? Hatakubali. Ataukumbatia. Kwa hiyo mtu hajazi rafu kwa uroho peke yake. Hujaza kwa hofu ya kuibiwa na kwa hofu ya kutozwa.

Hapa nina neno kwa wale wanaojiona wastaarabu. Nimewasikia wakicheka wasichana wanaorudi kutoka Uarabuni, wakisema ati ni washamba, ati wanapanda ndege kama wanapanda lori, na mablanketi na maziwa ya unga mikononi. Ndugu, mzigo ule ni mshahara. Ni kazi ya miaka miwili katika jikoni la mtu mwingine. Mizani ya uwanja wa ndege ikionyesha kilo zimezidi, hutakiwa alipe pale pale kwa fedha ambazo amekwisha zituma nyumbani kwa karo za wadogo zake. Ndipo hutoa vitu sandukuni na kuvishika mkononi. Kama unataka kumcheka mtu, mcheke aliyepanga bei ile. Yule msichana ni mfanyakazi mwenzako.

Lakini kumtetea si kusema kwamba kila mtu afanye apendavyo. Liko jambo lililo kubwa kuliko adabu, nalo ni roho za watu. Kabla ndege kubwa haijaruhusiwa kuchukua abiria, sheria hutaka ihakikishwe kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Sekunde 90 hazina nafasi ya sanduku. Tarehe 3 Agosti 2016 ndege ya Emirates iliyotoka India ilianguka katika uwanja wa Dubai ikashika moto, na ndani yake kulikuwa na watu 300. Picha zilizopigwa mle ndani zilionyesha watu wakifungua rafu kutafuta mizigo yao, huku wahudumu wakipiga kelele waiache. Kwa bahati wote 300 walitoka, lakini askari mmoja wa zimamoto alikufa akipigana na moto ule. Tarehe 5 Mei 2019, huko Moscow, ndege ya Aeroflot iliungua ikitua, wakafa watu 41 katika 78. Na katika picha wako waliotoka wakiwa na mifuko mkononi.

Sasa tazameni mfano wa pili. Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda mjini Tokyo, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani. Katika ndege ndogo walikufa watu 5. Ndege kubwa ilikuwa na watu 379, nayo iliungua mpaka ikabaki majivu na vyuma. Wote 379 walitoka hai. Waliambiwa waache mizigo, wakaacha. Hawakuwa askari wala watawa, walikuwa abiria tu kama sisi, wenye mali zao na zawadi zao za mwaka mpya. Lakini kila mmoja alijua kwamba sanduku lake linasimama mbele ya roho ya mtu aliye nyuma yake.

Sasa lirudisheni jambo hili katika basi letu. Gunia lililolala njiani kati ya Kitale na Webuye ni lile lile sanduku la Dubai. Gari likilala ubavu usiku, watu watatokea wapi? Mama wa Kiminini na mtoto wake watalirukaje gunia la bwana aliyelipa nauli yake?

Kwa hiyo naweka mbele yenu kanuni hizi, mzishike kila mwendapo safari, katika basi, katika treni na katika ndege:

1. Mtu mmoja, mzigo mmoja juu. Mfuko mdogo uweke chini ya kiti kilicho mbele yako.

2. Weka mzigo juu ya kiti chako mwenyewe, usiuache njiani katika rafu ya wengine. Katika treni ya Madaraka, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, viti vya daraja la kawaida ni vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili. Watatu wale wana rafu moja. Igawanyeni kama ndugu.

3. Simamisha sanduku kwa ubavu kama linaingia hivyo. Koti na kofia vikae juu ya magoti mpaka watu wote wameweka mizigo.

4. Usiutoe mzigo wa mtu bila kumwuliza. Sema, "Samahani ndugu, naomba tusogeze hiki." Maneno hayo hayana ushuru.

5. Usilolweza kuliinua mwenyewe usimwamuru mhudumu au tanboi aliinue peke yake. Inueni wawili. Kidole kimoja hakivunji chawa.

6. Njia ya kupita na mlango wa hatari visiwekwe kitu chochote, hata kwa dakika moja.

7. Ikitokea ajali au moto, acha kila kitu. Sanduku hununuliwa tena.

Hizo ni za kwetu sisi abiria. Lakini chama kisiishie katika kuwafundisha wanachama adabu, wakati wenye magari na wenye ndege wamekaa raha. Nataka matawi yetu ya Kitale na Bungoma, pamoja na vyama vya wenzetu wa magari na wa viwanja vya ndege, yadai mambo manne. Kwanza, kila mzigo unaowekwa katika buti, keria au tumbo la ndege uandikiwe karatasi, na ukipotea alipe aliyeupokea. Pili, bei ya mizigo ibandikwe dirishani panapouzwa tikiti, abiria aijue kabla ya kutoa fedha zake, siyo baada ya kufika kwenye mizani. Tatu, mfanyakazi asilazimishwe kuinua peke yake mzigo unaozidi nguvu za mtu mmoja. Nne, anayeumia akiinua mizigo aandikwe kuwa ameumia kazini, kwa kuwa tangu mwaka 2007 tunayo Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, na sheria isiyotumiwa ni kama jembe lililotundikwa ukutani. Ukiumia, mwarifu mwajiri siku ile ile, kwa maandishi, mbele ya shahidi, na nakala moja uilete kwa katibu wa tawi.

Wako watakaosema nachanganya mambo, kwamba adabu ni adabu na haki ni haki. Mimi naona ni kitu kimoja. Mtu asiyeweza kumwachia mwenzake nafasi ya kikapu hataweza kukaa naye katika mgomo hata siku tatu. Na kampuni ikituona tunashikana mashati kwa sababu ya rafu haiwezi kuogopa tunapoijia na madai ya mshahara. Itatungoja tu tumalizane.

Basi kesho ukipanda gari la Bungoma, mama akapanda Kiminini na kikapu chake, usingoje aombe. Inuka, shusha wako mmoja, mpandishie chake. Kisha mwulize kondakta kwa sauti, wote wasikie: karatasi ya mizigo iko wapi?

Ni mimi mwenzenu,
Mfanyakazi wa Reli, Bungoma